Kazi Inaanzia Kwenye Fremu: Kuanza na Mashine ya Kudarizi Nyumbani

Watu wengi wanaonunua mashine ya kudarizi huwa na swali moja mdomoni: nitapata wapi maua mazuri? Ni swali la haki, ila si la kwanza. Kwa muda niliokaa na mashine hii nimefika mahali pa kuamini kwamba darizi huwa imeshakuwa nzuri au mbaya kabla sindano haijashuka hata mara moja. Inategemea kitambaa kimekazwaje kwenye fremu, yaani zile pete mbili zinazoingiliana na kukibana kitambaa, na kimewekewa nini chini yake. Mashine hufuata tu. Nikimwona mtu ameketi mbele ya mashine mpya, amefungua kompyuta na anapitia mamia ya michoro, hutamani nimwambie aifunge kwanza, achukue kipande cha pamba na fremu, akae navyo jioni nzima.

Ukitazama mashine inavyofanya kazi utaona sababu. Kwenye cherehani ya kawaida, meno yaliyo chini ya guu, kile kipande kinachokandamiza kitambaa, husogeza kitambaa na mikono yako hukiongoza. Kwenye kudarizi meno hayo hayana kazi. Kitambaa kimebanwa ndani ya fremu, fremu imefungwa kwenye mkono wa mashine, na mkono huo huisogeza kulia, kushoto, mbele na nyuma kwa kufuata faili la mchoro. Sindano hupanda na kushuka pale pale. Kila nukta itakayodungwa imepangwa mapema, kwa vipimo vinavyofikia sehemu ya kumi ya milimita. Lakini mashine nyingi za nyumbani hazioni kitambaa. Zinajua fremu iko wapi, basi. Kitambaa kikiteleza milimita moja ndani ya fremu, mashine itaendelea kudunga pale ilipoagizwa, na mwisho wake utaona ua limejazwa rangi huku na mstari wake wa pembeni umepita kule, kati yake pameachwa mwanya.

Jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1820 Josué Heilmann wa Mulhouse, Ufaransa, alibuni mashine ambayo mwendeshaji wake alifuatisha mchoro mkubwa kwa ncha ya mkono wa chuma, na fremu iliyobeba kitambaa ikasogea kwa mwendo ule ule uliopunguzwa. Sindano zake zilikuwa na ncha pande zote mbili na tundu katikati, zikipita kitambaa na kurudi. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi akaja na mashine iliyotumia uzi mrefu mfululizo ukikutana na uzi wa pili upande wa nyuma, kama cherehani zinavyofanya. Na mwaka 1990 Janome, kampuni ya Kijapani ya cherehani, wakatoa Memory Craft 8000, mashine ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya mdarizi wa nyumbani. Kwa hiyo ule mkono uliokuwa ukifuatisha mchoro umepokewa na kompyuta. Kazi ya kukaza kitambaa kwenye fremu bado ni yetu, na mimi naifurahia hivyo, kwa sababu ndipo ufundi ulipobaki.

Kama bado hujanunua, angalia ukubwa wa fremu kabla ya kitu kingine chochote. Idadi ya maua yaliyomo ndani ya mashine isikubabaishe. Maua utayapata kila mahali, lakini fremu kubwa kuliko uwezo wa mkono wa mashine hutaipata. Mashine ndogo hudarizi eneo la milimita 100 kwa 100. Zinatosha jina, nembo ya kifuani, ua la kona ya leso. Zinazofuata hufika milimita 130 kwa 180, na hapo unaweza kufanya kazi nyingi za nyumbani bila kugawanya mchoro vipande viwili. Kugawanya kunawezekana, ila kunadai kufunga kitambaa upya na kuoanisha sehemu mbili kwa usahihi mkubwa, jambo ambalo simtakii anayeanza. Kama mfuko unaruhusu, ningesema chukua ile ya 130 kwa 180. Jua pia kwamba mashine za nyumbani kwa kawaida zina sindano moja: rangi ikiisha mashine inasimama, unabadilisha uzi, unaendelea. Mchoro wa rangi kumi na mbili utakuinua kwenye kiti mara nyingi. Chagua michoro ya rangi tatu au nne mwanzoni.

Sasa tuje kwenye kile kinachowekwa chini ya kitambaa. Kinaitwa stabilaiza. Ukiishika inafanana na karatasi laini yenye nyuzinyuzi, na wanaoanza huidharau kwa sababu haionekani kazi ikikamilika. Hapa naomba tutulie kidogo.

Kila mshono huvuta kitambaa. Uzi unakazwa juu na chini, na zile nukta mbili zinasogeleana kidogo sana. Mshono mmoja si kitu. Lakini mchoro uliojazwa vizuri, wa ukubwa wa kiganja, huweza kuwa na mishono 10,000 au zaidi, na yote inavuta kuelekea ndani. Kitambaa peke yake hakiwezi kuhimili. Kitajikunja, kitapanda makunyanzi kuzunguka ua, na duara litatoka yai. Kazi ya stabilaiza ni kuupokea mvuto huo kwa niaba ya kitambaa.

Zipo za aina tatu ambazo utakutana nazo karibu kila siku. Ya kukata haichaniki kwa mkono. Ukimaliza unaipunguza kwa mkasi, ukiacha kama nusu sentimita kuzunguka mchoro, na hiyo iliyobaki inakaa ndani ya nguo maisha yake yote. Ya kuchana huondolewa kwa vidole. Ya kuyeyuka hutoweka ndani ya maji, na ndiyo inayotumika kutengeneza lesi inayosimama yenyewe bila kitambaa.

Kuchagua kati ya ya kukata na ya kuchana kunategemea jambo moja: je, kitambaa kinavutika? Kishike kwa mikono miwili ukivute kwa upana. Kikinyooka kama fulana au sweta, weka ya kukata, usijadiliane na nafsi yako. Fulana itaendelea kuvutika kila ikivaliwa na kila ikifuliwa, miaka yote, na kama hakuna kitu nyuma ya mchoro cha kuushikilia, mishono itapoteza umbo. Kikiwa hakivutiki, mfano pamba nzito, kitani au turubai, ya kuchana inatosha, mradi mchoro wenyewe usiwe mzito sana. Uzito wa mchoro ni sehemu ya hesabu: jina lililoandikwa kwa mistari myembamba halihitaji msaada sawa na simba aliyejazwa rangi kutoka sikio hadi mkia. Na wengine huongeza tabaka la pili la stabilaiza nyepesi wakidhani wanaokoa. Mara nyingi tabaka moja zito hushikilia vizuri zaidi, kwa kuwa matabaka mawili huweza kuteleza moja juu ya jingine.

Taulo na mahameli yana mahitaji ya ziada. Vitanzi vya taulo hupenya katikati ya mishono na mchoro ukamezwa. Weka juu ya taulo tabaka jembamba la stabilaiza ya kuyeyuka, ile iliyo kama plastiki laini, darizi ukipitia juu yake, kisha ichane na mabaki yafute kwa kitambaa chenye maji. Mishono itabaki imeketi juu, inaonekana wazi. Ni jambo dogo linalobadilisha kazi kabisa, na kila nikiona taulo ambalo jina lake limezama kwenye manyoya najua hasa kilichokosekana.

Tukija kwenye kukaza kwenyewe, utasikia watu wakisema kitambaa kiwe kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Kwa pamba isiyovutika, sawa. Kwa fulana, ushauri huo unaharibu. Ukiivuta fulana ndani ya fremu mpaka ilie, unaidarizi ikiwa imenyooshwa. Ukiitoa inarudi ukubwa wake na mishono hairudi nayo. Matokeo ni makunyanzi yasiyotoka hata kwa pasi. Kinachopaswa kukazwa sana ni stabilaiza. Fulana ilale juu yake ikiwa imetulia, bila mikunjo na bila kuvutwa, kama inavyolala mezani.

Namna ninayoipenda ni hii. Legeza skurubu ya fremu ya nje zaidi ya unavyodhani inahitajika. Weka fremu ya nje juu ya meza ngumu, si kwenye mapaja, halafu stabilaiza, halafu kitambaa, kisha shusha fremu ya ndani kwa kuibonyeza kuanzia upande wa mbali na skurubu. Ikiingia kwa shida sana, itoe ulegeze tena. Kaza skurubu kwa vidole. Pitisha kiganja juu ya kitambaa: kikiwa kinajikusanya mbele ya mkono wako, hakijakaa. Na hapa ndipo subira inapohitajika, kwa sababu mkono utataka kuzivuta kingo za kitambaa zilizotoka nje ya fremu ili kukinyoosha. Usizivute. Ukizivuta unapindisha nyuzi za kitambaa na mchoro utapinda nazo. Fungua, anza upya.

Kuna nguo ambazo hazifai kubanwa kabisa: mahameli, ngozi, kola nyembamba, soksi ya mtoto. Fremu itaziacha alama, au hazitoshi kuingia. Kwa hizo unaibana stabilaiza peke yake, unaipulizia gundi ya muda ya kitambaa au unatumia ile yenye gundi tayari, na unailaza nguo juu. Mashine nyingi zina uwezo wa kushona kwanza mstatili wa mishono mirefu mirefu kuzunguka eneo la mchoro, mishono ambayo unaifumua baadaye. Itumie. Inakichukua kitambaa na stabilaiza vikawa kitu kimoja. Gundi usiipulizie karibu na mashine. Unyevunyevu wake hutua kwenye vyuma na kukusanya vumbi la nyuzi.

Kuweka alama ya katikati ni lazima. Kunja nguo mara mbili upate katikati, chora msalaba, oanisha msalaba huo na alama zilizo pembeni mwa fremu. Kalamu za kitambaa zina tabia zake. Wino wa bluu unaotoka kwa maji unaweza kuganda moja kwa moja ukipigwa pasi kabla haujaoshwa. Wino unaofutika kwa joto huweza kurudi nguo ikikaa kwenye baridi kali. Jaribu pembeni kwanza, kwenye kitambaa kile kile.

Uzi na sindano nitavipitia haraka kuliko vinavyostahili. Uzi wa kudarizi wa kawaida ni namba 40, na namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Wa poliesta hustahimili kufuliwa na jua. Wa rayoni una mng'ao laini zaidi lakini ni dhaifu kidogo. Kwa nguo za watoto na taulo mimi huchukua poliesta bila kufikiri mara mbili. Kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, weka uzi maalumu wa bobini, mwembamba zaidi, namba 60 au 90 kulingana na kitabu cha mashine yako kinavyosema, kwa kawaida mweupe. Hauhitaji kubadilishwa kila rangi. Usitumie uzi wa kawaida wa kushonea nguo huko chini, ni mnene, utafanya mgongo wa kazi uwe mgumu. Sindano iwe ya kudarizi, namba 75/11, ambayo tundu lake ni kubwa kuliko la kawaida ili uzi usichubuke kwa mwendo ule wa kasi. Fulana inataka ncha ya mviringo inayopita kati ya nyuzi bila kuzikata. Na badilisha sindano mapema: baada ya saa nane hivi za kudarizi huwa imechoka, hata kama haijavunjika. Uzi unapokatika kila mara, kabla hujagusa kitu chochote, badilisha sindano na utunge uzi upya.

Kutunga uzi kuna siri moja ambayo ningependa iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila mashine: inua guu kabla ya kupitisha uzi. Guu likiwa juu, visahani vinavyobana uzi vinafunguka na uzi unaingia kati yake. Guu likiwa chini vimefungwa, uzi unapita juu yake bila kubanwa, na dakika moja baadaye kuna bonge la uzi limejisokota chini ya kitambaa. Watu huliona bonge hilo chini na kuanza kuilaumu bobini. Karibu kila mara tatizo liko juu.

Mkazo wa uzi unasomwa mgongoni mwa kazi. Shona herufi kubwa yenye nguzo nene, geuza. Katikati ya nguzo panapaswa kuonekana ukanda mweupe wa uzi wa bobini unaochukua kama theluthi moja ya upana, na rangi ya juu ikiwa pande zote mbili. Uzi mweupe ukijitokeza juu, mkazo wa juu umezidi au bobini imelegea. Nyuma kukiwa na rangi tupu, wa juu umelegea. Rekebisha kidogo kidogo, nusu namba kwa wakati, na uguse ule wa juu tu. Skurubu ndogo ya nyumba ya bobini iache ilivyo mpaka umeijua mashine yako.

Kuhusu michoro, elewa kwamba picha si mchoro wa kudarizi. Picha uliyoipiga kwa simu haina habari ya sindano iende wapi, ianze wapi, rangi ipi itangulie. Mtu au programu lazima aigeuze kuwa mishono: ya mstari kwa kingo nyembamba, ya satini kwa herufi na majani membamba, ya kujaza kwa maeneo mapana, na chini ya yote mishono ya msingi inayoshikanisha kitambaa na stabilaiza kabla rangi haijaja juu. Ni fani inayojitegemea, na ninawaheshimu sana wanaoifanya vizuri. Kuna programu ya bure iitwayo Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya programu ya kuchorea ya Inkscape, kwa anayetaka kujifunza bila kulipa. Lakini miezi ya mwanzo nunua au pakua michoro iliyotengenezwa na watu wanaojua. Ukijifunza kufunga kitambaa na kutengeneza michoro kwa wakati mmoja, kazi ikiharibika hutajua kosa ni la upande upi.

Angalia mashine yako inasoma faili gani. Brother husoma PES, Janome JEF, Husqvarna Viking na Pfaff VP3. DST, iliyotoka kwenye mashine za kiwandani za Tajima, husomwa na nyingi, ila haibebi rangi zenyewe, inabeba tu amri za kusimama; usishtuke ukiona ua la waridi limetokea la kijani kwenye skrini, fuata karatasi ya rangi iliyokuja na mchoro. Ukibadilisha ukubwa kwenye mashine yenyewe usizidi asilimia 10, au 20 kwa kubanwa sana, kwa sababu mashine nyingi hazihesabu mishono upya. Mishono ile ile ikibanwa kwenye eneo dogo inakuwa ubao, na sindano inaweza kuvunjika. Herufi zilizo chini ya milimita 5 kwa urefu ziache kwanza. Kwa uzi wa namba 40 hujifunga na kusomeka vibaya.

Kwa kazi ya kwanza ningechagua pamba nzito isiyo na maua, iliyofuliwa na kupigwa pasi ili isije ikasinyaa baadaye, na mchoro mmoja mdogo wa rangi mbili au tatu. Punguza kasi. Mashine yako inaweza kufika mishono 850 kwa dakika lakini hakuna anayekufukuza; mishono 400 inatosha, na mchoro wa mishono 12,000 utachukua nusu saa, ukiacha muda wa kubadilisha nyuzi. Kaa karibu. Sauti ya mashine ina maana: mdundo wake ni wa aina moja, na ukibadilika ghafla ukawa mzito, simamisha uangalie chini. Jambo la kupendeza katika nusu saa hiyo ni kuona mishono ya msingi ikipita kwanza, ikiwa haina sura yoyote, halafu rangi inapanda juu yake na jani linatokea.

Kisha rudia mchoro ule ule. Badilisha kitu kimoja tu, mfano stabilaiza. Rudia tena kwenye kitambaa kinachovutika. Andika kwa kalamu kwenye kila kipande: kitambaa gani, stabilaiza gani, sindano namba ngapi, mkazo upi. Uviweke pamoja. Vipande hivyo vitakufundisha kuliko video yoyote, kwa kuwa vimetoka kwenye mashine yako na mikono yako. Mstari wa pembeni ukipishana na rangi, rudi kwenye fremu. Kitambaa kikipanda makunyanzi, rudi kwenye stabilaiza, au jiulize kama ulikivuta. Mimi hufuata mpangilio huo kabla ya kushuku mchoro, na ni mara chache sana mchoro unakuwa na hatia.

Ukimaliza kila kazi, kata nyuzi zinazoruka kutoka sehemu hadi sehemu kwa mkasi mdogo wenye ncha iliyopinda, toa stabilaiza huku kidole gumba kikiwa juu ya mishono ili isivutwe, na upige pasi kutoka nyuma, mchoro ukiwa umelala kifudifudi juu ya taulo nene ili usibonyee. Fungua bamba la sindano, fagia vumbi la uzi kwa brashi, usilipulize kwa mdomo maana linaingia ndani zaidi. Fulana unayoithamini ije baada ya hapo, na kabla hujaigusa, tafuta fulana kuukuu ya kitambaa kinachofanana nayo uidarizi kwanza kwa stabilaiza ile ile.